Chama cha Watu na Lugha ya Waturuki

Utawala hujulikana kwa majeshi yake na kwa kodi zake. Lakini ni tawala chache zilizoingia hata katika kalamu na ulimi wa raia kama ulivyofanya utawala wa Chama cha Watu cha Jamhuri katika Uturuki. Chama hicho kilishika serikali tangu mwaka 1923 hata 1950, na habari zake zamfaa kila mwenye kushughulika na lugha, kwa sababu zaonyesha ni mambo gani ya amri hudumu, na ni yapi hupita pamoja na walioyaamuru.

Asili ya chama ilikuwa vita. Dola ya Kiosmani ilishindwa mwaka 1918, na mwezi wa Mei 1919 majeshi ya Wayunani yakashuka Izmir. Siku hizo hizo Mustafa Kemal, jemadari wa jeshi, alifika Samsun, akazikusanya jumuiya za ulinzi zilizokuwa zimetokea majimboni, nazo zikaungana katika mkutano wa Sivas mwezi wa Septemba. Bunge likafunguliwa Ankara tarehe 23 Aprili 1920, na usultani ukaondolewa tarehe 1 Novemba 1922. Juu ya msingi wa jumuiya hizo kiliundwa Chama cha Watu, tarehe 9 Septemba 1923. Jamhuri ikatangazwa tarehe 29 Oktoba. Basi chama kilizaliwa na sifa ya ushindi, na watu wake walikuwa tayari katika kila jimbo.

Tarehe 3 Machi 1924 ukhalifa ulifutwa, na shule zote zikawekwa chini ya wizara moja. Waliochukizwa na mwendo huo waliunda chama kingine mwezi wa Novemba. Kikafungwa Juni 1925, baada ya maasi ya Sheikh Said. Chama cha pili, kilichoruhusiwa mwaka 1930, hakikutimiza miezi minne. Mwaka 1936 chama na serikali vilikuwa kitu kimoja: waziri wa mambo ya ndani ndiye katibu mkuu wa chama, na wakuu wa majimbo ndio wenyeviti wake huko majimboni.

Kwa nguvu hizo chama kiliigeukia lugha. Kituruki kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, ijapokuwa kina irabu nane ambazo herufi hizo hazikuweza kuzipambanua vema. Sheria ya herufi mpya za Kilatini ilipitishwa tarehe 1 Novemba 1928. Magazeti yakalazimika kuzifuata mwezi uliofuata, na vitabu tangu tarehe 1 Januari 1929. Siku hiyo hiyo zilifunguliwa Shule za Taifa, ili watu wazima nao wajifunze. Katika hesabu ya watu ya 1927 waliojua kusoma walikuwa 11 hivi katika kila 100; katika ile ya 1935 walikaribia 20.

Mwaka 1932 iliundwa Jumuiya ya Lugha ya Kituruki, kazi yake kuyaondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuweka badala yake maneno yaliyookotwa vijijini na katika vitabu vya kale, au yaliyobuniwa. Mektep, neno lenye asili moja na maktaba ya Kiswahili, liliiachia nafasi okul. Hürriyet, ndugu yake uhuru, likapata mshindani, özgürlük. Hata hivyo kitap lilibaki kitap. Mwaka huo huo adhana ilianza kutolewa kwa Kituruki, na tangu 1941 sheria ilimwadhibu mwadhini aliyeitoa kwa Kiarabu.

Tarehe 14 Mei 1950 chama kilishindwa katika uchaguzi na Chama cha Demokrasia. Tarehe 16 Juni, mwezi mmoja tu baadaye, adhabu ile ilifutwa, na adhana ikarudi katika Kiarabu. Mwaka 1952 Bunge liliyarudisha hata maneno ya zamani ya katiba, ambayo yalikuwa yamegeuzwa mwaka 1945. Lakini herufi hazikuguswa. Adhana ya Kituruki ilikuwa haina mlinzi ila polisi. Bali herufi zilikuwa zimekwisha kupata kizazi kizima kisichojua nyingine, pamoja na walimu, wapiga chapa na makarani waliokula kwazo.

Gharama yake haikuwa ndogo. Kwa kuwa Kiarabu na Kiajemi viliondolewa pia katika masomo ya shule, mjukuu hakuweza kusoma barua za babu yake, wala maandishi yaliyo juu ya kaburi lake. Naye mwanzilishi mwenyewe hakusalimika. Mwezi wa Oktoba 1927 Mustafa Kemal aliusomea mkutano wa chama hotuba yake kubwa kwa muda wa siku sita, katika Kituruki fasaha cha wakati wake. Baadaye hotuba hiyo ilibidi ifasiriwe kwa Kituruki kipya, tena zaidi ya mara moja, ili Waturuki waielewe.

Yaonekana, basi, kwamba amri huweza kuanzisha badiliko la lugha, lakini mwenye kulithibitisha ni mtoto aliyeketi darasani. Chama kiliondoka madarakani, herufi zilibaki, na milango ya maktaba za kale ikabaki wazi kwa wale wachache tu waliojifunza hati za mababu zao kama mtu ajifunzavyo lugha ya kigeni.