Chuo Kikuu cha Goma na mji wake: kwa wageni wa mkutano

Mgeni anayefika Chuo Kikuu cha Goma kwa mkutano huonyeshwa kwanza Ziwa Kivu, kisha sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu. Si vibaya, maana chukudu ya mbao ndiyo imebeba viazi na makaa kutoka vijijini kwa miaka mingi. Lakini historia ya chuo hicho haianzii kando ya ziwa. Inaanzia Kisangani.

Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo kikuu Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Amani haikudumu. Agosti 1964 waasi wa Simba waliteka mji, na chuo kikahamia Léopoldville, yaani Kinshasa. Chuo kizima kilikimbia vita, kama familia yoyote ya Masisi inavyojua kukimbia. Baadaye kilirudi kwao. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu ulikiunganisha na vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena.

Goma ilikuwa tayari na chuo cha Waprotestanti, ULPGL, tangu 1985, na mwaka 1988 ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Kivu Kaskazini. Mwaka 1993 Kisangani ikafungua tawi lake hapo. Tawi hilo ndilo UNIGOM ya leo, iliyopata kujitegemea mwaka 2004.

Lilizaliwa saa mbaya. Julai 1994, tawi likiwa bado changa, malaki ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu.

Kisha moto wa mlima. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia ziwani. Wakaaji walikimbilia Gisenyi, wengine njia ya Sake. Baada ya siku chache wengi walikuwa wamerudi, wakijenga juu ya jiwe ambalo halijapoa. Kuta nyeusi ambazo wageni hupenda kupiga picha ni za mawe ya volkano hiyo.

Mlima ulipasuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye gavana aliamuru mitaa 10 ihame, na umati ukaelekea Sake, ndani ya Masisi. Watu wa mjini, na bila shaka wanafunzi na walimu wao, walilala katika mashule, makanisani na kando ya barabara, wakipewa maji na chakula na wenyeji ambao wenyewe hawana kingi.

Hilo husahaulika haraka. Kwa miaka mingi Goma imezoea kuwaona watu wa Masisi Mugunga, Bulengo na Lushagala, chini ya mahema, hadi kambi zilipoondolewa Februari 2025, M23 ikiwa imeuteka mji mwishoni mwa Januari. Wengi waliambiwa warudi makwao, hata ambao hawakujua kama nyumba bado ipo.

Mgeni akiuliza makwao ni wapi, njia si ngumu kueleza: kutoka Goma hadi Sake, kisha kupanda kuelekea Kitshanga kupitia Kilolirwe. Kabla ya kufika Kitshanga atakuta Burungu.