Daktari Atiman wa Karema na Wauguzi Wanaoitwa Ng'ambo



Kila inapozuka habari ya wauguzi wetu kutafutwa ili wakafanye kazi Ulaya au katika nchi za Ghuba, maoni hugawanyika upesi. Wapo wanaomwona anayeondoka kuwa msaliti, aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima akaenda kuwahudumia matajiri. Wapo pia wanaopiga vigelegele kwamba kijana sasa amepata. Kabla hatujachagua upande, naomba juma hili turudi Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ndani ya mkoa wetu huu wa Katavi, mahali ambapo tabibu mgeni aliishi na kuhudumu mpaka kifo chake.

Adrian Atiman alizaliwa katika miaka ya 1860, karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa bado mtoto alitekwa na kuvushwa jangwa la Sahara kama bidhaa hadi Algeria, na huko Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita White Fathers, walimkomboa kwa fedha. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameona jinsi homa ilivyowamaliza wamisionari wa Kizungu katika nchi za bara. Akaazimia kuwasomesha vijana Waafrika utabibu ili watumwe wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Atiman akapelekwa kisiwani Malta kusomea kazi hiyo, na mwaka 1889 akawasili Karema baada ya safari ndefu ya msafara kutoka pwani.

Karema ya wakati ule ilikuwa ngome. Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoundwa na Mfalme Leopold II, waliianzisha mwaka 1879, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa wamisionari. Biashara ya watumwa ilikuwa bado hai kandokando ya ziwa. Hebu fikirini: mtu aliyeuzwa utotoni anakuja kuwatibu wakombolewa wenzake, maelfu ya kilomita kutoka kwao! Alioa hapa hapa, na mwanawe Joseph akawa padre. Aliona utawala wa Wajerumani ukija na kuondoka, akawaona na Waingereza. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe, zikachapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956. Tangu afike ilikuwa imepita miaka 67.

Sisemi haya ili kumpamba mtu. Nakiri kwamba sehemu moja ya historia hii hunisumbua. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama alitaka Malta, wala kama alitaka Karema; wakubwa walipanga, naye akatii. Watu wa kwao waliompoteza hawakulipwa chochote na mtu yeyote. Hata hivyo kuna jambo moja lililo wazi: gharama ya kumsomesha ilibebwa na waliomtuma, si na Karema iliyompokea. Mwenye uwezo alilipa, na mhitaji akahudumiwa.

Leo mkondo umegeuka. Nchi maskini ndiyo inayolipa miaka ya chuo, na nchi tajiri inapokea muuguzi aliyekwisha kuiva. Kwa sababu hiyo, mwezi Mei 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni kuhusu uajiri wa kimataifa wa wahudumu wa afya. Kanuni hiyo inazihimiza nchi zisiende kuajiri katika mataifa yenye upungufu mkubwa. Orodha iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 ina nchi 55 za namna hiyo, na Tanzania imo. Lakini Kanuni ni ya hiari. Haimfungi mtu kwa sheria. Tena haimzuii muuguzi kuhama kwa uamuzi wake mwenyewe. Lawama yake inamwelekea anayekuja kuvuna shamba ambalo hakulilima. Nadhani hapo imepima kwa haki, kwa maana sisi mara nyingi humlaumu binti mwenye sanduku mkononi na kumsahau aliyemtumia tiketi.

Hata hivyo, tusiwatwike wageni mzigo wote. Katika miaka ya 1990 Serikali yetu, ikibanwa na masharti ya marekebisho ya uchumi, ilisitisha ajira mpya, na vijana waliohitimu mafunzo ya afya wakabaki nje ya mlango. Na mwezi Machi 2017, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa Kenya, Rais Magufuli alikubali kuipatia nchi hiyo madaktari 500. Shauri likafikishwa mahakamani Nairobi, mpango ukakwama, naye akaagiza waombaji 258 waliokuwa wamekidhi vigezo waajiriwe hapa nyumbani. Ni uamuzi mwema. Lakini watu hao walikuwa wapi siku zote, wakati mama mjamzito wa kijijini alipopelekwa kujifungua mahali pasipokuwa na daktari? Walikuwa Tanzania, wanasubiri kuajiriwa. Hakuna Mzungu aliyekuwa amewaiba.

Yule Msamaria wa Injili hakumwachia mwenye nyumba ya wageni majeruhi na pongezi. Alimwachia dinari mbili, akaahidi kulipa kilichozidi. Mimi husoma hapo kwamba anayeuguza naye ana haki ya kutunzwa.

Jimbo la Sumbawanga limeipa hospitali yake jina la Daktari Atiman, na kaburi lake liko Karema. Si mbali na ufuko huo nilikutana na muuguzi kijana wa zahanati moja. Nilimuuliza, nusu kwa utani, kama naye anawaza Ulaya. Akacheka, akasema hajafika huko kimawazo. Alichokuwa akiomba ni nyumba ambayo mlango wake unafungika, na mwenzake mmoja wa kupokezana naye zamu ya usiku.