Aliyeumwa na Nyoka

Kamanyola ni mahali pa mapito. Barabara ya Bukavu yateremka kutoka milimani, ile ya Uvira yapanda kutoka ziwani, ng'ambo ya mto Ruzizi ni Rwanda, na Burundi haiko mbali. Hapo habari hazilali. Mchuuzi huzileta pamoja na nyanya zake, dereva huziacha penye chai, na siku hizi simu huzitawanya kabla chai haijapoa. Habari za ugonjwa hufika upesi kuliko ugonjwa wenyewe, na mara nyingi hufika zimechanganyika na uongo.

Hapo ndipo wakubwa husema: "Watu hawa ni wajinga, huamini kila uvumi." Je, neno hilo ni la haki? Tutazame mambo yaliyopita, tupate kujua uvumi hupata wapi nguvu zake.

Tuanze na malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu wengi sana kandokando ya maziwa yetu. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alifika katika visiwa vya Sese huko Uganda, akaanza kuwatibu wagonjwa kwa sindano za dawa iitwayo atoxyl. Baadaye madaktari wa Kijerumani waliitumia hata Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ng'ambo ya Uvira. Dawa hiyo ilikuwa na aseniki ndani yake. Wengine walipata nafuu kwa muda, wengine wakapofuka. Upande wetu wa Kongo serikali ilijenga lazareti, na wagonjwa walipelekwa huko chini ya ulinzi wa askari, mbali na jamaa zao, wengi hawakurudi. Basi, mtu aliyemwona jirani yake akienda na macho yake na kurudi kipofu, ukimwambia asiogope sindano, atakujibu nini? Woga wake si ujinga, ni kumbukumbu. Wazee walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Tuseme kweli: hata nyumba zetu wenyewe hazikuepukana na kosa. Mwaka 1976 Ebola ilionekana mara ya kwanza katika nchi yetu, huko Yambuku. Ilienea kwa sindano za hospitali ya misioni, maana sindano chache zilitumiwa kwa wagonjwa wengi bila kusafishwa ipasavyo. Masista waliowahudumia watu kwa moyo mwema walikufa pamoja nao. Wema wao haukuwa na shaka, lakini wema peke yake haukuzuia ugonjwa.

Sasa tuje karibu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa Septemba wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao walisema kwamba Ebola haiko. Wasiofika theluthi moja tu ndio waliowaamini wakubwa wa mahali. Watu hao walikuwa wameona mauaji miaka mingi bila mtu wa kuwaokoa. Wakashangaa kuona magari mengi yakija kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Kisha, tarehe 26 Desemba, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Nchi nyingine ilimchagua rais, wao wakabaki. Uvumi ulikuwa umekwisha kusema kwamba Ebola ni hila ya siasa. Sasa ukapata shahidi. Kesho yake, mjini Beni, watu wenye hasira walikishambulia kituo cha wagonjwa.

Lakini woga wenye sababu waweza kuua vilevile. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi akiwa kazini Butembo. Mwezi wa Novemba mtangazaji mmoja wa redio huko Lwemba, katika Ituri, aliyewaeleza watu habari za Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Na ni wangapi waliojificha nyumbani wakafa, hali dawa mpya ziliwaponya wengi waliokuja mapema? Ugonjwa ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287.

Ni nini kilichosaidia? Si mabango wala vipaza sauti. Waliopona walirudi kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, na watu wakawaona kwa macho. Jamaa waliruhusiwa kuona maziko na kusali. Walioitwa kusema walikuwa watu wa mahali, kwa lugha ya mahali. Mwezi wa Agosti 2019 Ebola ilipofika kwetu Kivu ya Kusini, katika Mwenga, wagonjwa walikuwa 6, kisha ikakoma.

Halafu ikaja Korona. Tarehe 1 Aprili 2020, katika televisheni ya Ufaransa, wataalamu wawili walizungumza juu ya kujaribu kinga katika Afrika. Siku mbili baadaye daktari wetu Muyembe alisema kwamba Kongo i tayari kwa majaribio ya chanjo. Watu wakawaka: "Sisi si panya!" Ikambidi aeleze upya kwamba chanjo ingejaribiwa kwanza katika nchi nyingine. Lakini neno la kwanza lilikwisha kwenda mbali. Mwaka 2021 Kongo ilipokea dozi 1,700,000 za AstraZeneca. Ikachelewa kuanza, maana Ulaya nako kulikuwa na mashaka. Na dozi karibu 1,300,000 zikapelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika.

Basi, ndugu zetu, sisi tunaosikilizwa katika jumuiya tuna kazi. Tukipokea habari ya ugonjwa, tuulize kwanza: nani ameiona? Tusipojua, tuseme hatujui. Dawa ikiwa na madhara, tuyataje sisi kwanza, asije mwingine akayataja kwa kuyakuza. Na mama akija na woga wake, tusimcheke. Tumwulize ameona nini, tumsikilize hadi mwisho, ndipo tumsindikize kwa mganga.