Nyongeza ya Chungu: Habari za Chakula na Afya katika Nchi ya Sagana



Desturi ya kitabu hiki ni kutoa hesabu ya mambo ya mwaka: michango iliyopokewa, wagonjwa waliosaidiwa, na watoto waliolipiwa karo. Mwaka huu tumeona vema kutoa hesabu ya namna nyingine, nayo ni hesabu ya chungu. Twataka kujua ni vitu gani vilivyoongezwa katika chakula cha watu wa Sagana na nchi zilizo chini ya Mlima Kenya kwa ajili ya afya yao, ni nani waliovileta, na kwa nini vingine vilishika mizizi na vingine vikatoweka.

Sababu ya kufanya hivyo yaonekana sokoni. Siku hizi ni vigumu mtu kupita Sagana, Karatina au Kerugoya asikutane na mwuza vidonge, unga na maji ya chupa ambavyo husemwa kuwa vyaongeza damu, vyasafisha mwili na kurudisha nguvu za ujana. Wazee wetu wamo miongoni mwa wanunuzi. Wapo waliotoa fedha ya mbolea wakanunua chupa moja. Wapo pia walioacha dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari waliyopewa hospitalini, kwa kuwa mwuzaji amewaambia ya kwamba unga wake watosha. Fedha ikipotea yaweza kutafutwa tena, lakini mtu aliyepooza kwa kuacha dawa yake ni vigumu kumrudishia mkono na mguu. Basi kabla ya kusifu au kulaumu, na tuitazame njia tuliyopita.

Zamani, kabla ya reli, chungu cha Wakikuyu kilikuwa na vitu vya namna nyingi. Palikuwa na wimbi, mawele na mtama, viazi vitamu, magimbi na ndizi, kunde, mbaazi na njahi, na majani mabichi yaliyochumwa shambani na kando ya mto. Uji wa nafaka ulikuwa chakula cha kila siku. Mwanamke aliyejifungua alipikiwa njahi ili apate nguvu na maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Nyama ililiwa zaidi katika sherehe na kafara. Samaki hakuliwa kabisa, ijapokuwa mto Sagana, ambao ndio mwanzo wa mto Tana, ulipita chini ya mashamba yao.

Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, kisha ikapelekwa kaskazini kupitia Sagana na Karatina hata Nanyuki. Nchi ikafunguka kwa biashara, na mazao yaliyotakiwa sokoni yakapata nafasi ya kwanza shambani. Mahindi meupe yakaenea, wimbi na mawele vikapungua, na maharagwe ya kuuza yakachukua mahali pa njahi. Watu walishiba, lakini namna za vyakula zikawa chache.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 walitokea wapimaji. Daktari John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu ya Kenya, alishirikiana na Bwana John Boyd Orr wa chuo cha utafiti cha Rowett, mjini Aberdeen, wakalinganisha afya ya Wakikuyu na ya Wamasai. Taarifa yao ilichapishwa mwaka wa 1931. Walisema kwamba mwanamume mzima wa Kimasai alimzidi wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratli 23 za uzito, na kwamba nguvu zake zilipopimwa kwa chombo zilizidi kwa nusu. Kwa Wakikuyu waliona zaidi meno yaliyooza, mifupa iliyopinda, upungufu wa damu, magonjwa ya mapafu na vidonda vya miguu. Wamasai nao hawakukosa yao: baridi yabisi na kufunga choo vilikuwa vingi zaidi kwao. Wapimaji wakasema kuwa shina la tofauti hiyo ni chakula, kwa maana Wamasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu kwa nafaka na viazi.

Habari hiyo ilisomwa mbali. Boyd Orr akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka wa 1945, na mwaka wa 1949 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Lakini ndani ya taarifa ile mlikuwa na neno lililopita kimyakimya. Wapimaji wenyewe waliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi, na vyakula vyenye madini ya chokaa, kuliko waume zao. Mwanahistoria Cynthia Brantley, alipoisoma upya kazi hiyo mwaka wa 1997, alionyesha kuwa tofauti hii ya wanawake na wanaume haikupewa uzito uliostahili. Sisi twaona hapa fundisho kubwa. Sehemu ya nyongeza iliyotafutwa na waganga ilikuwa tayari katika chungu cha nchi ile ile, upande wa akina mama.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili thamani ya mboga zetu ilijulikana kwa njia nyingine. Kiwanda kilijengwa Karatina, na mboga zilizolimwa na wakulima wa Nyeri zikakaushwa humo ili kulisha majeshi. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa. Askari wa mbali walikuwa wamelishwa mboga za Karatina kwa ajili ya afya zao, na huku nyumbani majani mabichi yakiendelea kudharauliwa kuwa ni chakula cha maskini.

Sasa twaja Sagana penyewe. Mwaka wa 1948 serikali ilianzisha hapa shamba la kufugia samaki, na mwaka huo huo kituo cha samaki wa maji baridi, yaani trauti, kikaanzishwa Kiganjo. Trauti walikusudiwa zaidi kwa ajili ya wavuvi wa kujifurahisha kwa ndoano. Mabwawa ya Sagana yalikuwa na kusudi jingine, nalo ni kuzalisha vifaranga vya perege, ili mkulima awafuge nyumbani kwake na jamaa yake wapate nyama isiyo ya ghali. Fikirini, wanachama, ugumu wa kazi hiyo. Samaki aliletwa kwa watu ambao baba zao walimwona kama nyoka wa majini. Waliokuwa na kazi ya kuwashawishi hawakupambana na njaa peke yake. Walipambana na heshima ya mila.

Katika miaka ya 1960 serikali ya Kenya ilifanya kampeni ya kuwahimiza wananchi wale samaki kwa wingi. Mabwawa madogo mengi yakachimbwa katika nchi ya kati na ya magharibi. Lakini miaka ya 1970 yalipungua sana. Sababu zilizotajwa ni tatu: mabwana samaki wa kuwatembelea wakulima hawakutosha, vifaranga vizuri vilikuwa haba, na mafunzo yalikuwa machache. Mwaka wa 2009 jambo hilo lilifufuliwa kwa mpango wa serikali wa kuchangamsha uchumi. Majimbo 140 ya uchaguzi yalipangiwa mabwawa 200 kila moja, na kituo cha Sagana kikawa miongoni mwa vituo vya kutoa vifaranga na mafunzo. Mabwawa mengine yangali yanazaa hata leo, mengine yameota nyasi. Mtu akiuliza ni nini kinachoyatenga, jibu ni lile la miaka ya 1970: ni kama alikuwapo mtu wa kuja nyumbani, kutazama maji, kufundisha chakula cha samaki, na kurudi tena mwezi unaofuata.

Nyongeza nyingine iliingia bila kelele. Nchi za milimani huoshwa na mvua nyingi, na madini ya iodini hupungua katika udongo wake. Ndiyo maana rovu, yaani uvimbe wa shingo, ulikuwa ugonjwa uliojulikana katika nyanda za juu. Mwaka wa 1978 Kenya iliweka sheria kwamba chumvi ya kula itiwe iodini. Mama alinunua chumvi dukani kama kawaida, na dawa ikaingia chunguni pamoja nayo. Lakini faida hiyo yapatikana kwa chumvi kidogo. Anayeongeza chumvi mezani hajipatii afya zaidi, bali ajiongezea shinikizo la damu.

Mwaka wa 2012 sheria ya namna hiyo iliwekwa juu ya unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti, na mafuta ya kupikia, vitiwe vitamini. Na unga utiwe na madini pia. Hilo ni jema, ila tusisahau kwamba nyumba nyingi za kwetu husaga mahindi yao wenyewe katika kinu cha posho, na unga huo hautiwi kitu. Kwa nyumba hizo nyongeza lazima itoke shambani na zizini.

Kwamba yaweza kutoka huko, jirani zetu wa Embu wametupa ushahidi. Kati ya mwaka wa 1998 na 2000, wataalamu wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Marekani na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya uchunguzi katika shule 12 za msingi. Watoto wa shule nyingine walipewa githeri iliyotiwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chakula shuleni. Waliokula nyama ndio waliozidi kuota misuli ya mkono na kufanya vizuri zaidi katika mtihani wa kupima fikira. Maziwa nayo yaliwasaidia kurefuka wadogo waliokuwa wamedumaa. Watazameni hao watoto: hawakupewa kitu cha ajabu kutoka ng'ambo. Walipewa githeri yao, pamoja na kile kilichopungua ndani yake.

Hatusemi kwamba vidonge vyote ni bure. Mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na foliki, naye yampasa avimeze. Mtoto tangu miezi 6 hata miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na tangu mwaka wa 2007 wiki za Malezi Bora zimesaidia kumfikia. Nyongeza hizi hutolewa kwa sababu inayojulikana, kwa kipimo kinachojulikana, na kwa mtu anayezihitaji. Mwuzaji wa sokoni hampimi mtu damu wala hamwulizi ni dawa gani anazotumia, na kesho akihama hapatikani.

Tangu siku za hospitali za misheni za Tumutumu na Mathari, na za Bwana Afya aliyepita akikagua vyoo na visima, faida imeletwa na wale waliorudi mara kwa mara. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2023 serikali ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 katika nchi nzima, wakiwa na mikoba ya vifaa vya kupimia. Wengi ni wake kwa waume tunaowajua kwa majina. Kazi yao haijakwisha: uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2022 uliona kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwaka wa 2014 walikuwa 26. Hesabu yashuka, lakini kila mmoja katika hao 18 ni mtoto wa mtu.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, mwanachama asiache dawa ya hospitali kwa neno la mwuzaji. Kama ataka kununua kidonge au unga wowote, na amwonyeshe kwanza mwuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji chake. Pili, fedha ya chupa moja na inunue miche ya mboga, kuku wa mayai, au vifaranga vya samaki kwa mwenye bwawa. Tatu, wazee wetu, hasa akina mama, mtutajie katika mikutano ya matawi majani na nafaka zilizopikwa na mama zenu, na namna ya kuzipanda na kuzipika. Katibu wa kila tawi ataandika majina hayo, na orodha itachapwa katika kitabu cha mwaka ujao, ili wajukuu waipate ingali na watu wa kuieleza.