Kilomita 131,000

Fundi alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akakigeuza juu chini, akakilaza juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikatetemeka kidogo, hakikuruka. "Haipumui vibaya, Mwalimu," akamwambia baba. Mimi hakuniangalia. Kwenye gereji ile ya Bagara, binti aliyekuja na daftari alihesabiwa kuwa amemsindikiza mzee wake.

Baba alikuwa na kiinua mgongo cha miaka 33 ya ualimu, na hasira moja. Machi iliyotangulia bibi alikuwa ameshushwa kutoka Bashnet hadi hospitali ya Dareda juu ya bodaboda, kabanwa katikati ya watu wawili, mvua inanyesha, kwa sababu magari madogo yalikataa kupanda kumfuata. Bibi amevuka miaka 80 na mguu wake mmoja haukunji. "Hilo halitarudiwa," baba alisema, akaanza kuzungumza na madalali.

Yalibaki magari mawili, yote Prado, yote ya dizeli. La kwanza la mwaka 1997, namba B, injini ya 1KZ, milioni 24. La pili la mwaka 2005, namba D, injini ya D-4D, milioni 36, ambazo zingemaliza karibu kila kitu. Kaka alitaka la pili. Mama hakutaka lolote. Alitaka nyumba ipigwe plasta. Mimi nasoma shahada ya umahiri ya historia, fani ambayo nyumbani inaheshimiwa bila kueleweka. "Msomi, tusaidie basi," kaka alinitania. Nikasaidia kwa njia pekee niliyofundishwa: nikalisoma gari kama nyaraka.

Kwanza, kwa nini dizeli? Babati imekaa juu ya njia ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, lakini ukubwa huo ulikuwa wa kwenye ramani. Zile kilomita 251 za lami kutoka Dodoma hadi kwetu zilizinduliwa Julai 2018, baba akiwa amebakiza miaka michache astaafu. Utotoni mwake gari lililofika kijijini lilikuwa Land Rover, mashine iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 na kupewa injini ya dizeli mwaka 1957. Haikuwa ya familia ya mtu. Ikionekana vumbi lake, watoto walijua ni kodi au ni chanjo.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa fedha zilipatikanaje, na mlango wa magari ya watu binafsi ukaanza kufunguka. Baadaye yakaja mashangingi ya wakubwa. Neno hilo lilikuwa la kumsema mwanamke mjuvi wa mjini kabla ya kuhamia kwenye gari. (Nimewahi kujiuliza kwa nini watu walipotafuta jina la ubadhirifu wa serikali, walimkuta mwanamke kwanza.) Baba halitumii. Yeye anasema "gari ya juu".

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa ile Prado ya 1997 kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani, imefifia, hakuna aliyewahi kuibandua. Nikaipiga picha nikamtumia rafiki yangu aliyejifunza Kijapani. Jibu likaja kabla fundi hajamaliza kukagua rejeta: ni stika ya gereji ya Yokohama, ya kubadilisha oili, mwaka wa 15 wa zama za Heisei, yaani 2003. Kilomita 148,200.

Nikachungulia dashibodi. 131,000.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva na furaha isiyo na adabu, ile ya mtafiti aliyekamata tarehe mbili zinazogombana. Kisha nikamwona baba nje, mikono nyuma, anavyosimama mbele ya darasa, na furaha ikapungua.

Yokohama ilieleza pia kwa nini gari lenye injini nzima namna hii lilifukuzwa kwao. Mwaka 1999 gavana mpya wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianza kutembea na chupa ya masizi akiwatikisia watu wajue dizeli inawavutisha nini. Mwaka 2001 sheria ya Japani ya moshi wa magari ikakazwa: ndani ya Tokyo, Osaka, Nagoya na mikoa ya jirani, Yokohama ikiwemo, gari la dizeli lisilofikia kiwango lilipewa muda, na muda ukiisha halipiti ukaguzi. Halikuwa limeharibika. Lilikuwa limekatazwa kupumua pale. Nasi tunaendesha kushoto kama wao.

Ya D-4D fundi aliieleza mwenyewe, safari hii akinitazama kwa sababu ya stika. Inasukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia vitundu vidogo mno. "Mafuta machafu kidogo tu, dada, nozeli zinakufa. Na huko Bashnet dizeli unauziwa kwenye dumu."

Hapo nikamkumbuka bibi kwa njia nyingine. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili asiye na umeme apate mwanga. Wafanyabiashara wakayachanganya kwenye dizeli na kuuza kwa bei ya dizeli. Wizi huo ukaitwa uchakachuaji, na kwenye uchaguzi wa 2010 neno likahamia kwenye kura. EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, kisha bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Injini za watu zikapona. Bibi hakuwa na gari. Alikuwa na koroboi, na nakumbuka mwaka ule alivyoanza kutulaza mapema.

Dalali alipooneshwa stika alicheka. "Mwalimu, hiyo ni karatasi tu." Baba, ambaye amesahihisha karatasi maisha yake yote, hakucheka. Tukashuka hadi milioni 20, kwa sharti kwamba gari lipande mlima kwanza, maana 1KZ ikichemka silinda hedi hupasuka, na hilo hakuna stika ya kulisema.

Tulipanda kutoka Dareda saa saba mchana, fundi akiendesha, baba kando yake, mimi nyuma nikitazama mshale wa joto katikati ya mabega yao. Kona baada ya kona hakuna aliyeongea. Ulifika katikati ukabaki hapo. Juu kabisa fundi alizima injini, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya bomba la rejeta kama mtu anayepima homa.

Bibi alitoka na fimbo yake. Tukamwamkia. Alilizunguka gari taratibu, akafika nyuma kwenye bomba la moshi, akainama kadiri mguu ulivyomruhusu, akanusa.

"Inanuka kama koroboi yangu," alisema. "Lita shilingi ngapi siku hizi?"