Kuvuna ni Kuvunja

Kila Agosti, maonesho ya Nane Nane yanapofika viwanja vya Themi, hupita mabanda nikisoma mabango. Siku hizi kila kitu "kinavunwa": mahindi, kahawa, asali, hata maji ya mvua.

Wakulima wa miteremko ya Mlima Meru wana maneno zaidi. Kahawa huchumwa, maharage hung'olewa, ndizi hukatwa, viazi huchimbwa, asali hurinwa. Mahindi huvunjwa.

Hilo la mwisho lina historia ndefu. Kuvuna na kuvunja ni ndugu wa tumbo moja. Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Kibantu huvirudisha vitenzi hivi kwenye mzizi mmoja, -bun-. Mzulu akisema vuna anavuna kama sisi. Mshona akisema vhuna anavunja. Na kitenzi hiki kilikuwako huku kwetu kabla ya mahindi yenyewe. Mahindi yalitoka Amerika baada ya safari za Columbus, nasi tukayapa jina kana kwamba yametoka India. Yalipofika, yalikuta kitenzi kiko kazini tayari, kikitumikia mtama na ulezi.

Waingereza walipita njia nyingine. Neno lao harvest limetokana na mzizi wa Kihindi-Ulaya, kerp, wenye maana ya kuchuma. Ndugu zake ni carpere ya Kilatini, yaani kuchuma, na karpos ya Kigiriki, yaani tunda. Kwa Wajerumani neno hilo limekuwa Herbst, na katika lugha yao sanifu ni jina la majira tu: shamba limetoka, imebaki kalenda. Sisi nasi kuchuma tumekupeleka mjini, tukapata uchumi, neno ambalo wengi hulitamka bila kukumbuka tunda wala mti.

Maneno yana haki ya kusafiri. Ninachohofia ni kitenzi kimoja kuwameza wenzake. Mtoto akisikia kwamba kahawa huchumwa, ameshajua kuwa mti unabaki. Akisikia maharage hung'olewa, anajua shina linakwenda pamoja na maganda. Akisikia viazi huchimbwa, anajua aangalie wapi. Mwambie kwamba vyote huvunwa, naye hatakuwa amedanganywa. Lakini siku akishika jembe itabidi aanze kuuliza upya mambo ambayo lugha ya bibi yake ilikuwa imekwisha kumjibu.