Asili ya Neno "Bead"

Walimu wafundishao Kiingereza hulifasiri neno "bead" kwa neno ushanga, kisha hupita. Tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini mwenye kusoma vitabu vya kale vya Waingereza kwa maana hiyo peke yake hana budi kupotea njia. Kwa hiyo twapenda kueleza asili yake.

Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya mwaka 1066, neno hili lilikuwa "gebed", wala halikuwa na habari yo yote ya ushanga. Maana yake ilikuwa sala. Ndugu zake wangali hai: Wajerumani husema "beten", na Waholanzi husema "bidden", yaani kusali. Baadaye silabi ya mwanzo ilianguka, likabaki "bede".

Basi, sala ilipataje kuwa ushanga? Wakristo wa zamani zile walikuwa na desturi ya kurudia sala zile zile mara nyingi, na ili wasipoteze hesabu walitunga punje katika uzi, kila punje kwa sala moja. Mtu alipohesabu sala zake, waliomtazama waliona punje zikipita vidoleni. Hivyo jina la sala likahamia kwenye punje. Katika karne ya 14 maana hiyo mpya ilikwisha kujulikana: mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, ameeleza habari za mkuu wa watawa wa kike aliyevaa mkononi punje za marijani za kusalia. Mwaka 1538, zamani za Mfalme Henry wa Nane, amri ilitolewa ya kukataza kusali kwa kuhesabu punje bila kuwaza maana. Desturi ikafifia Uingereza, lakini neno likabaki, likawa jina la ushanga wo wote, hata la tone la jasho.

Jambo hili si geni kwetu. Neno tasbihi kwa Kiarabu ni kumtukuza Mungu. Lakini Mswahili akisema, "Nipe tasbihi yangu," ataka uzi wenye punje.

Faida ya kujua haya ni nini? Msomaji akikuta neno "beadsman," asidhani ni fundi wa ushanga: ni maskini aliyepewa riziki ili awaombee wafadhili wake. Tena, ile sala iitwayo "bidding prayer" wengi huidhania kuwa ni sala ya kuamuru, kwa kuwa "bid" siku hizi ni kuamuru. Sivyo. Zamani palikuwa na vitenzi viwili, kimoja cha kuomba na kimoja cha kuamuru, navyo vilichanganyika vikawa kimoja. Waliosema kwanza "bidding the bedes" walitaka kusema kusali sala tu.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu: mwanafunzi akisoma kitabu cha kale, aulize kwanza neno lilikuwa na maana gani siku kilipoandikwa, ndipo afasiri.